Miji 7 kwa siku 14: nimwambieje mume wangu?

Shikamoo Shangazi,

Nimekuwa msomaji wako wa muda mrefu, na sikuwahi kufikiri kwamba siku nikikuandikia nitakuandikia kwa jambo la furaha. Maana hili ni la furaha kweli, ila limeanza kuninyima usingizi.

Desemba hii, Mungu akipenda, familia yetu itasafiri kwenda Ulaya kwa mara ya kwanza. Tumeweka akiba miaka minne. Tuko sita: mimi, mume wangu, binti yetu wa miaka 15, mdogo wake wa kiume wa miaka 9, kitinda mimba wetu wa miaka 4, na mama mkwe mwenye miaka 71. Mama ni mzima, isipokuwa magoti. Ngazi zinamtesa, na akisimama kwenye foleni kwa muda mrefu halalamiki, lakini namwona anavyohamisha uzito mara mguu huu, mara ule.

Ratiba kaipanga mume wangu. Kila usiku baada ya chakula anafungua kompyuta anaendelea na jedwali lake, kila mji na rangi yake, kila siku na saa zake. London siku 2, Paris 2, Amsterdam 2, Zurich 1, Venice 2, Florence 2, Roma 3. Usiku wa pili wa Amsterdam tutaulala ndani ya basi la kwenda Zurich, ili tuokoe pesa ya hoteli. Tiketi za ndege anataka kukata za kwenda na kurudi London, kwa hiyo siku ya mwisho turuke kutoka Roma kurudi London asubuhi, na jioni ndiyo tuanze safari ya nyumbani. Pasipoti zetu zinahitaji viza kote huko, na anasema ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, tutaiombea Ufaransa kwa kuwa ndiko tutakakoingilia.

Nilipojaribu kusema kwamba naona miji ni mingi, alinijibu kwa upole kabisa, "Tukishafika huko tuone kila kitu. Nani ajuaye kama tutarudi?" Sikuwa na jibu. Juzi binti yetu aliliangalia lile jedwali akauliza, "Baba, mbona hakuna hata siku moja ya kuchelewa kuamka?" Baba yake alinyamaza, akafunga kompyuta. Tangu siku hiyo hakuna anayegusa habari ya safari mezani.

Mama mkwe kila nikimwuliza anataka kuona nini, ananiambia, "Popote mtakaponipeleka, mwanangu." Lakini najua kwamba ndani ya Biblia yake kuna kadi ya zamani yenye picha ya Basilika ya Mtakatifu Petro, imechakaa pembe zote. Mume wangu naye, mji niliomsikia akiutaja tangu tuoane ni Venice. Mingine hii sikuwahi kuisikia mpaka alipoanza kupanga.

Hatujalipia chochote bado, ila tiketi anataka kuzikata mwisho wa mwezi huu. Naomba unisaidie mawili, Shangazi. Miji mingapi inawatosha watu kama sisi? Na nimwambieje mume wangu bila kumvunja moyo, maana hii kazi ameifanya kwa mapenzi?

Mama wa Watatu

*

Marahaba mwanangu.

Nimeshukuru kusoma kwamba hamjalipia chochote. Ningeipata barua hii mwezi ujao, ningebaki kukupa pole tu.

Nikujibu la kwanza moja kwa moja: miji mitatu ya kulala. Kwa siku 14, mkiwa na mtoto wa miaka 4 na mama mwenye magoti mabaya, mitatu inatosha, na ningekuwa mimi nisingeongeza wa nne. Nitakueleza ni ipi na kwa nini. Kwanza lakini nataka tuiangalie siku moja tu kwenye jedwali la mume wako, tuifuate tangu asubuhi mpaka usiku, kwa sababu humo ndimo lilimo tatizo lote.

Chukua siku ya kutoka London kwenda Paris. Treni ya Eurostar hutumia kama saa 2 na robo, na bila shaka ndivyo ilivyoandikwa kwenye jedwali. Sasa hesabu na mimi. Mnaamka saa 12 asubuhi, nje bado ni giza totoro. Mdogo anavalishwa huku amelala. Mabegi yanafungwa, mnachungulia chini ya vitanda, kuna soksi moja haionekani. Mnateremka, mnalipa, mnavuka jiji hadi stesheni ya St Pancras, na hapo lazima mfike mapema, kwa kuwa ukaguzi wa pasipoti wa kuingia Ufaransa unafanyika palepale kabla ya kupanda treni. Foleni ya mizigo, foleni ya pasipoti. Mama anahamisha uzito mguu huu na ule. Treni inaondoka, na mkifika Paris saa zimeshasogea mbele kwa saa moja, hiyo nayo imekwenda. Mko sita na mabegi, teksi ya kawaida haiwachukui, zinatafutwa mbili. Mnafika hotelini, mnaambiwa vyumba ni kuanzia saa 9 alasiri. Mnasubiri ukumbini, mdogo kalala juu ya begi. Mkija kupata ufunguo na kunawa uso, jua la Paris linakaribia kuzama, kwani katikati ya Desemba huko linachomoza kama saa 2 na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni.

Hiyo ndiyo saa 2 na robo ya kwenye jedwali. Imekula siku.

Na hiyo ni siku rahisi kuliko zote za kuhama, hakuna kilichoharibika. Kwa ratiba mliyonayo mtahama mara sita, na siku ya mwisho mtahama ya saba kurudi London. Ondoa siku hizo, ondoa na siku ya kwanza ambayo mtu anatua akiwa hajitambui kwa uchovu, utaona zimebaki siku ngapi za kutembea kweli. Hazizidi sita. Miaka minne ya akiba, kwa siku sita.

Ndiyo maana mtu akiniletea ratiba huwa sihesabu miji, nahesabu usiku. Usiku mbili katika mji ni siku moja tu ya mji huo, kwani siku ya kufika na siku ya kuondoka ni za mabegi. Usiku tatu ni siku mbili. Mkikaa usiku tano mnapata siku nne kamili, na katikati yake hata mtoto akiamka na homa, au mvua ikinyesha kutwa, hakuna kilichobomoka.

Basi la usiku liondoeni leo hii, msingoje kukubaliana mengine. Amsterdam hadi Zurich ni usiku mzima barabarani wakati wa baridi, mama wa miaka 71 akiwa amekunja magoti hayohayo na mtoto wa miaka 4 akitaka choo mnapokuwa mbali na kituo. Pesa ya hoteli mtakayookoa itakwenda kwa dawa ya maumivu, na siku nzima inayofuata mtakuwa mnatafuta mahali pa kulala.

London nayo ningeiacha safari hii, na sababu yangu ni ya makaratasi. Uingereza haimo katika eneo la Schengen. Maana yake ni viza mbili tofauti, fomu mbili kwa kila mmoja wa watu sita, na kwa wengi wenu ada mbili na alama za vidole mara mbili. Na pasipoti ikiwa imeshikwa na ubalozi mmoja huwezi kuipeleka kwa mwingine, kwa hiyo maombi yanafuatana, hayaendi pamoja. Ombi la Schengen kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika hadi siku 45. Jibu moja likichelewa, lingine linakwama nyuma yake, na kalenda ya Desemba haisogei. Kwa viza moja ya Schengen mnaingia nchi 29. London itapata safari yake yenyewe.

Hapo kwenye viza kuna jambo ambalo mume wako amelikosea, nalo linakosewa na wengi, kwa hiyo mwambie bila kumlaumu. Ombi la Schengen halipelekwi kwa nchi mtakayoingilia. Linapelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi. Nchi ya kuingilia hutumika pale tu siku zinapolingana. Nyie hata kwa ratiba ya sasa mna usiku 7 Italia na 2 tu Ufaransa. Mkipeleka Ufaransa, ombi linaweza kukataliwa kupokelewa, mkapoteza wiki kadhaa. Nendeni Italia. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Msifike kwenye mwisho huo. Pasipoti ziwe hazijazidi miaka 10 tangu zitolewe, na zibaki hai angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Za watoto ziangalieni kwa makini zaidi, kwa sababu nchi nyingi huzipa muda mfupi kuliko za wakubwa, na ni rahisi sana kusahau. Bima ya safari inatakiwa igharimie matibabu ya angalau euro 30,000, na iwe inafanya kazi katika nchi zote za Schengen. Kabla ya kuinunua soma umri wa juu wanaoukubali. Baadhi ya bima hubadilisha masharti mtu akipita miaka 70, na mama keshapita.

Na tiketi za mwisho wa mwezi huu, hapana. Ubalozi unataka kuona nafasi mliyoshikilia na ratiba inayoeleweka, haudai kwamba pesa iwe imeshatoka. Shikilieni nafasi, na hoteli chukueni zile zinazoruhusu kughairi bila kukatwa. Pesa ya ndege itoke viza zikiwa mkononi, au iwe tiketi ambayo wanarudisha pesa.

Sasa ratiba. Mimi ningewapangia Paris usiku 5, Venice usiku 3, Roma usiku 6. Florence mtaifika pia, nitakuonyesha njia, ila hamtalala huko. Amsterdam na Zurich ziondoke. Najua zitauma kwa sababu zina rangi zao kwenye jedwali, lakini katika barua yako nzima sikuona mtu hata mmoja anayezitaka.

Tiketi ya ndege iwe ya kuingilia Paris na kutokea Roma. Mkitafuta kwenye mtandao wa shirika la ndege, pale mnapochagua kwenda na kurudi kuna chaguo la tatu, la miji zaidi ya mmoja. Chagueni hilo, muijaze kama tiketi moja. Msikate mbili za kwenda tu, maana kwa safari ndefu mara nyingi hizo huwa ghali zaidi. Mkifanya hivyo ile siku ya mwisho ya kurudi London inafutika. Ile siku ilinitia hofu, mwanangu. London ina viwanja vya ndege kadhaa. Ndege ya bei nafuu kutoka Roma inaweza kuwashusha Stansted wakati ya nyumbani inaondokea Heathrow, na kati ya hivyo viwili ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Tiketi zikiwa mbili tofauti, ndege ya kwanza ikichelewa, wenye ndege ya pili hawawajibiki kuwangoja, wala kuwarudishia senti.

Paris iwe ya kwanza kwa sababu ndiko mnakohitaji usiku mwingi wa kuzoea. Siku ya kufika msiandike kitu, ni kula na kulala. Makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, na yale ya Orsay hufungwa Jumatatu, kwa hiyo pangeni siku za wiki kwanza, saa mtazipanga baadaye. Louvre watoto wenu wote watatu wanaingia bure kwa kuwa hawajafika miaka 18, ila nafasi za saa maalum zishikwe mapema hata kwa tiketi ya bure. Kanisa la Notre-Dame lilifunguliwa tena Desemba 2024 baada ya ule moto wa Aprili 2019, na kuingia ni bure. Kwa ajili ya mama, wekeni akilini kwamba treni za chini ya ardhi za Paris ni ngazi juu ya ngazi. Mabasi ni afadhali sana kwake, na anaona mji dirishani.

Malazi ya watu sita yatawasumbua kuliko mnavyodhani. Vyumba vya hoteli huko ni vidogo, vingi havichukui zaidi ya watu wawili au watatu, kwa hiyo nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili au vitatu na jiko itawafaa zaidi. Lakini kabla ya kulipia uliza swali hili kwa maandishi: je, kuna lifti, na inafika mlangoni kwetu? Majengo mengi ya zamani hayana. Na wenzetu hao hawaihesabu ghorofa ya chini. Wakikuandikia ghorofa ya 3, panda mara tatu kutoka ardhini.

Paris kwenda Venice pandeni ndege. Mimi napenda treni kuliko mtu yeyote, lakini hiyo ingewala siku nzima na kubadilisha njiani, na angani ni chini ya saa 2. Someni tu jina la kiwanja kabla ya kulipa. Beauvais huuzwa kwa jina la Paris na iko zaidi ya kilomita 80 nje ya jiji. Treviso huuzwa kwa jina la Venice, na si Venice. Mkizingatia nauli ya basi na saa za kwenda na kurudi, ile bei nafuu inaisha. Hesabuni na bei ya mabegi, maana mashirika ya bei nafuu hutoza kila moja.

Venice ni mji usio na gari hata moja, una madaraja zaidi ya 400, na karibu yote yana ngazi. Begi kubwa la magurudumu pale ni adui. Kila mtu abebe dogo analoweza kuliinua mwenyewe, na nguo mtafua. Wengi huwashauri wageni walale Mestre, bara, kwa kuwa ni nafuu na treni ni kama dakika 10 tu. Mimi kwa familia yenu sitasema hivyo. Raha ya Venice ni asubuhi na usiku, wakati wageni wa mchana hawajafika au wameshaondoka, na mtoto anaweza kukimbia uchochoroni bila kuogopa pikipiki. Laleni ndani ya kisiwa, mahali ambapo kutoka kituo cha boti za abiria, zile wanazoziita vaporetto, hadi mlangoni hakuna daraja hata moja. Swali hilo nalo mwulizeni mwenye nyumba kwa maandishi. Majira hayo maji ya bahari huweza kupanda, ingawa tangu Oktoba 2020 wana kuta za chuma wanazoziinua kuyazuia. Mama na mdogo wapande boti ya mfereji mkuu kutoka mwanzo hadi mwisho, wamekaa. Kwa magoti yale, siku hiyo ataona mji kuliko siku nyingine zote.

Venice kwenda Roma ni treni ya mwendokasi, kama saa 4, kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, bila kupimwa mabegi. Tiketi zikikatwa mapema huwa nafuu sana kuliko siku yenyewe.

Na Roma ndipo mtakapoipatia Florence. Treni kutoka stesheni ya Termini hutumia kama saa 1 na nusu. Mnaacha mabegi nyumbani Roma, mnaondoka asubuhi, mnarudi jioni kwenye vitanda vilevile. Asiyetaka anabaki. Hiyo siku mngempa binti yenu aipange yeye, tangu treni hadi mahali pa kula. Mwambie tu asichague Jumatatu, kwa kuwa makumbusho ya Uffizi na yale yenye sanamu ya Daudi ya Michelangelo hufungwa siku hiyo. Mtoto wa miaka 15 anayeuliza habari ya kuchelewa kuamka si mvivu, amesoma ratiba kwa makini akaona kilichokosekana. Na siku yake ya kuchelewa kuamka iandikeni kwenye jedwali, na rangi yake, moja kila mji.

Kijana wa miaka 9 mpeni Koloseo, ule uwanja mkubwa wa kale wa Roma. Tiketi zake zina majina, yanalinganishwa na pasipoti, basi andikeni kama yalivyo kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, na tarehe 8 Desemba pia hufungwa kwa sikukuu. Basilika ya Mtakatifu Petro yenyewe kuingia ni bure.

Nije kwa mume wako.

Ile kauli yake, "Nani ajuaye kama tutarudi," usiichukue kama ubishi. Huyo ni mtu anayeogopa kuwanyima wanawe kitu ambacho hatakuwa na uwezo wa kuwapa tena. Kila mji alioongeza ni kwa ajili hiyo. Ukimwambia miji ni mingi, anasikia kwamba mapenzi yake ni mengi kupita kiasi, na mtu hajui la kujibu hapo.

Niliwahi kuwa na hofu hiyohiyo. Niliwapeleka wanangu miji minne kwa siku 9, wakiwa wadogo. Leo ni watu wazima, na nikiwauliza wananisimulia kitu kimoja: bwawa la bustani ya Luxembourg kule Paris, ambako watoto hukodishiwa mashua ndogo za tanga na kuzisukuma kwa fimbo. Tulikwenda pale mara tatu kwa sababu mji huo ndio pekee tuliokaa. Mji wa mwisho mwanangu mdogo haukumbuki kabisa. Anakumbuka alilia stesheni.

Kwa hiyo usianze na neno miji. Watoto wakishalala, kaa karibu naye, mwombe afungue ile kompyuta. Mwambie kwanza pole kwa siku ile alipoifunga, maana nadhani hakuna aliyemwambia. Kisha useme, "Baba watoto, naomba tuongeze safu moja hapa: tangu tunafunga mlango wa hoteli hii hadi tunafungua mlango wa hoteli ile, ni saa ngapi?" Mwache ajaze mwenyewe, London hadi Paris, Paris hadi Amsterdam, moja moja. Usimsaidie kujumlisha. Mtu aliyepanga jedwali la rangi saba ni mtu wa hesabu, ataliona.

Akishaliona, mwulize angechagua mji upi kama angepewa mmoja tu. Akisema Venice, na naamini atasema, mwambie kwamba huo una siku zake na yeye ndiye atakayewaongoza humo. Usikubali akiusogeza ili kutoa nafasi kwa wengine. Akitaja mwingine ambao hukuutegemea, basi huo uingie na sisi tutoe mmoja, na uniandikie tupange upya.

Mama mkwe usimwulize tena anataka kuona nini, hawezi kukujibu huku akijua mnahesabu pesa. Jumapili moja mwombe akuonyeshe ile kadi iliyo ndani ya Biblia, mume wako akiwa amekaa hapohapo. Mwulize ameipata wapi, mwache asimulie mpaka amalize. Kisha mwonyeshe mume wako Jumatano ile mtakayokuwa Roma. Siku hiyo ya wiki Papa, akiwepo mjini, huwapokea mahujaji pale Vatikani, na tiketi zake hutolewa bure. Andikeni jina la mama kwenye siku hiyo, na msiandike kitu kingine.

Shangazi